Mtani Mlangoni

Ulikuwepo. Usianze kusema hukuwepo. Ulikaa katikati ya ule ukumbi wa Kikuyu, hapa Dodoma, wiki ya Siku ya Mashujaa, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa kiganja. Halafu yule bwana wa koti la kijivu alipogeuka nyuma kutafuta sura ya mtu, wewe ukainamia simu yako kama aliyepata ujumbe wa msiba. Hukupata ujumbe wowote. Uliangalia pembeni tu, kama ulivyozoea. Basi leo soma mpaka mwisho, maana Anitha hakuwa na pembeni pa kuangalia.

Anitha binti Adamu alikuwa mwanafunzi wa chuo, na mchana ule alikuwa jukwaani. Mada ya mdahalo ilining'inia nyuma yake kwenye bango: Tanzania imeitendea dunia wema kuliko taifa lolote. Kura ilimpanga upande wa kutetea, akafurahi, kwa sababu ushahidi alikuwa nao nyumbani, akila nao mlenda kila siku. Ushahidi wenyewe alikuwa baba yake.

"Sema yote," baba yake alikuwa amemwambia asubuhi, pale kwao Zuzu. "Kongwa tu ndiyo usiitaje."

"Baba, Kongwa ndiyo hoja yenyewe."

"Nimesema usiitaje, mama."

Adamu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa mkulima wa zabibu, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kukaa mgongo ukiegemea ukuta na macho yakitazama njia. Anitha alikua akidhani kila baba hukaa hivyo. Bibi yake, Tabu, Mgogo wa Kongwa, ndiye aliyemfunulia kabla hajafa. Babu yake Anitha aliitwa Bartolomayo, kijana wa Msumbiji aliyeletwa kwenye kambi ya wapigania uhuru, zama zile nchi hii ilipowapa kambi na chakula watu waliokuwa wakiwindwa kwao. Akampenda Tabu, akazaa naye mtoto mmoja, akarudi vitani ng'ambo ya Ruvuma, akafia huko. Hakuna anayejua kaburi lake. Alichokiacha ni Adamu, aliyelelewa na ukoo wa mama yake, akaitwa Mgogo, akawa Mgogo. Ila kitambulisho cha taifa alikuwa bado anakisubiri. Kila alipofuatilia aliambiwa arudi kesho, naye aliogopa kuuliza kwa nini.

Ukumbini Anitha alitii. Alisema nchi hii ilitoa walimu, ilitoa askari, iliwapa wageni hifadhi. Alisema kwa jumla jumla, kama mtu anayesimulia chakula bila kutaja mboga. Mpinzani wake, Respicius, kijana wa Bukoba mwenye ulimi mkali, akamchakaza.

"Dada Anitha, nitajie mtu mmoja. Mmoja tu! Unatuhubiria wema wa taifa zima na huna hata jina?" Watu wakapiga meza. "Mimi nitakutajia waliowahi kuja hapa hapa Ugogo wakisema wao ndio wema. Mjerumani alikuja na reli, akasema ni ustaarabu. Alipopigana na Mwingereza, majeshi yote mawili yakanyakua nafaka na ng'ombe, Wagogo wakafa njaa ile ya Mtunya, wazee wanaijua. Kisha Mwingereza akaja na matrekta Kongwa, akalima karanga ailishe dunia. Karanga hazikuota, yeye akaondoka. Kila taifa linalosema 'hakuna mwema kama mimi' lina mtu limemkanyaga, na halimwoni kwa sababu linajitazama lenyewe."

"Sisi hatukumkanyaga mtu!" Anitha alijibu. "Wengine walikwenda kwa watu na bunduki. Sisi tuliwafungulia mlango."

"Mlioufungua jana ni mlango. Leo je? Taifa likishajiridhisha kwamba ni jema, haliachi kukagua. Linaacha kujikagua lenyewe, basi. Linaanza kukagua watu."

Ukumbi ukalipuka. Anitha alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona kwenye viti vya nyuma, mgongo ukutani, akimpigia makofi peke yake kwa upande uliokuwa unashindwa.

Hapo ndipo Silvano aliposimama.

Unamkumbuka Silvano: Mhehe mnene anayeuza samaki wa bwawa la Mtera, kofia ya pama, sauti ya ng'ombe dume. Ni mtani wa Adamu. Wahehe na Wagogo wanataniana tangu babu wa mababu wapigane wakachoka, na hao wawili walikuwa wametukanana harusini, sokoni na msibani mpaka mtu asiyewajua angeita mgambo. Silvano hakuweza kuvumilia kumwona binti wa mtani wake akichakazwa na mtoto wa kula ndizi.

"Kamwene!" alinguruma kwa salamu ya Kihehe. "Mimi nauliza swali ambalo si swali. Huyu bwana mdogo anataka jina? Jina hilo hapo nyuma, linajificha kama kuku aliyekula mtama wa wageni! Adamu! Simama mateka wangu, wakuone!"

Watu wakageuka, wakaanza kucheka.

"Baba yake huyo alitoka Msumbiji na bunduki ya kuazima na tumbo tupu. Wagogo, kwa ujinga wao, wakampa ugali wa uwele mwaka ambao wenyewe walikuwa wanaomba hadi barabarani. Akashiba, akaiba na binti yao! Ndiyo tukapata kitu hiki, nusu Mreno nusu ombaomba, hata kitambulisho hana, namfuga mimi! Sasa niambieni, taifa gani lingine duniani linaibiwa chakula na mchumba kisha linamlea mtoto?"

Ulicheka hapo. Wote mlicheka. Hata Respicius alicheka, akainua mikono kukubali kushindwa. Adamu naye alisimama nusu, akatoa kicheko ambacho Anitha hakuwahi kukisikia, kikavu, kifupi, kama mtu anayekohoa vumbi.

Mtu mmoja hakucheka. Mstari wa mbele, bwana wa koti la kijivu aligeuka taratibu, akamtazama Adamu. Hakukunja uso. Alimtazama kama mtu anavyosoma bei kwenye bidhaa, kisha akageukia mbele. Anitha alitangazwa mshindi, akapewa kikombe cha plastiki chenye rangi ya dhahabu, akakipokea huku akilitazama lile koti la kijivu.

*

Walikuja Zuzu asubuhi ya kiangazi yenye upepo, wawili, kwenye gari jeupe la idara ya uhamiaji. Bwana wa koti la kijivu alimwamkia Adamu shikamoo. Hicho ndicho kilichomtisha Anitha kuliko chochote. Aliipokea heshima ile masikioni mwake kama mtu anavyopokea pole kabla hajaambiwa nani amekufa.

"Marahaba," alisema Adamu. "Karibuni."

Mama yake Anitha, Loisi, aliwaletea zabibu kwenye sinia. Walikula. Walizisifu.

"Mzee wangu, ulizaliwa wapi?"

"Kongwa."

"Na marehemu baba?"

Upepo ulipiga bati. Treni ya umeme ilipita kwa mbali, ikaenda zake.

"Alikuwa mpigania uhuru," Anitha aliingilia. "Tulikuwa tunasherehekea mashujaa kama yeye, na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, binti. Ulizungumza vizuri sana." Alitema mbegu ya zabibu kiganjani, kwa adabu. "Shida ni kwamba shujaa ni wa kwao. Mtoto wake ni wa wapi? Hilo ndilo tunalotaka kusaidiana. Hatumfukuzi mtu. Nchi hii haina tabia hiyo, ulisema mwenyewe jukwaani. Jumatatu mzee aje ofisini na watu waliomjua mama yake, waseme kwa vinywa vyao kwamba alikuwa wa hapa na kwamba huyu alitoka tumboni mwake. Wasipopatikana, tutamsaidia arudi kwao."

"Kwetu wapi?" aliuliza Adamu.

Yule bwana alimtazama kwa huruma, akasema ni pale alipotoka baba yake, akashukuru kwa zabibu.

Walipoondoka, Loisi alichukua lile sinia akaenda kuliosha, akaliosha tena, na tena. Adamu alirudi kukaa mahali pake ukutani. Anitha alisubiri amkaripie. Angeona afadhali. Lakini baba yake alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mizabibu yake, "Nilikuwa nimefika mbali. Nilikuwa nadhani nitazeekea hapa."

*

Hofu inaambukiza kwa haraka kuliko kipindupindu. Anitha aliiona ikipita Zuzu nyumba kwa nyumba, yeye akiifuata nyuma. Mzee Elisha wa kanisani, aliyesoma darasa moja na Adamu, alimkaribisha vizuri, akamwita binti yangu, akaagiza uji. Aliposikia neno "ofisini", uji ukapoa.

"Adamu ni mtu wangu kabisa," alisema, akiangalia kucha zake. "Ila mimi mwenyewe, mama, marehemu baba yangu alikuja huku kufanya kazi ya reli. Wakianza kuniuliza na mimi?"

Nyumba ya pili ilikuwa na mgonjwa. Nyumba ya tatu walikuwa wanasafiri. Mwajabu, jirani aliyekuwa akichota maji kwao miaka yote, alimsalimia kupitia dirisha na pazia halikusogea. Kongwa, kwa ndugu wa bibi Tabu, simu iliita, ikapokelewa, mtu akapumua, ikakatwa. Pikipiki zilipopita njiani zilionekana kupunguza mwendo mbele ya uzio wao, au labda hazikupunguza. Loisi alianza kumficha mumewe viatu, kana kwamba mtu asiye na viatu hawezi kuchukuliwa.

Na Silvano? Simu yake ilikuwa imezimwa tangu wiki ile ya mdahalo. Kizimba chake sokoni kilikuwa na nzi tu.

Anitha akamfuata Mtera.

Alimkuta nyuma ya mabanda ya kukaushia samaki, moshi ukimzunguka, kofia haipo kichwani. Bila kofia alionekana mtu mwingine, mdogo, mwenye upara wa kuhurumiwa. Alipomwona Anitha alitaka kukimbia, kisha akakaa kwenye gogo kama gunia lililoachwa.

"Shikamoo baba."

"Usiniamkie. Nimekula nyama ya baba yako, hukusikia?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Waliniita, mwanangu. Walinipigia kwa adabu, mheshimiwa, mzee wetu, tungependa uje uturudie yale uliyosema. Nirudie! Mimi nimemtukana baba yako maisha yangu yote. Nilimwita mwizi siku ya harusi yake, mama yako shahidi. Watu wanacheka, tunakula, inaishia hapo. Sijui lini kicheko kimeanza kupokelewa kama ushahidi." Alijifuta uso, masizi yakabaki shavuni. "Nikisema nilidanganya, watanifunga. Nikisema ni kweli, nimemuuza. Ndiyo nimezima simu. Mimi ni mwoga, Anitha. Mtu anayepiga kelele hivi, unadhani ni kwa nini?"

"Bibi Tabu ulimjua?"

"Tabu!" Alicheka bila kutaka. "Alinimwagia maji ya mlenda mimi, nilipomwita mkwe. Alipokufa nani aliingia kaburini kwake? Mimi! Wagogo wanalia juu, mimi nimelala chini kwenye udongo, nimejifunika shuka, nasema hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Walinibembeleza mpaka jua likakaribia kuzama. Hata mchungaji alicheka."

"Na jogoo ulipewa na nani?"

"Na mwanawe, nani mwingine! Adamu alikuja analia, anacheka, kashika jogoo..." Moshi ulipita kati yao.

"Njoo useme hilo," alisema Anitha. "Hilo tu. Ulilala kaburini kwa nani, na nani alikukomboa."

Silvano aliangalia maji ya bwawa. Mwisho akanyoosha mkono akaichukua kofia yake juu ya kichanja, ikinuka samaki, akaivaa.

*

Jumatatu, kwenye geti la ofisi yao, kulikuwa na mwarobaini na watu wengi wanaosubiri mambo yao wenyewe. Adamu alivaa suti ya harusi yake. Walimwita ndani, Silvano na Anitha nyuma yake. Ofisi ilikuwa na feni na picha ya mlima ukutani.

Silvano alisema yote. Kwa mara ya kwanza maishani alisema bila kupayuka, kofia mikononi, akataja Tabu, ukoo wake, kaburi, jogoo. Bwana wa koti la kijivu alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Nakushukuru mzee. Ila wewe ni Mhehe, na ni mtani wake. Umeeleza mwenyewe. Mambo ya watani ni mizaha, sisi hapa hatuwezi kupokea mizaha."

"Mliipokea ukumbini!" Anitha alisema.

"Samahani?"

"Alipotania kwamba baba si wa hapa, mkapokea. Mkaja mpaka nyumbani. Sasa anasema kweli kwamba ni wa hapa, mnasema ni utani."

Yule bwana alimtazama, na kwa mara ya kwanza Anitha aliona kwamba hakuwa na hasira wala chuki, wala aibu. Alikuwa ameridhika. Alikuwa mtumishi mwema wa taifa jema, na mtu wa namna hiyo hana pa kushikwa.

"Mzee atabaki hapa tumalizie taratibu," alisema. "Nyie kasubirini nje. Mchana kuna gari la kwenda mpakani."

Adamu hakupinga. Alijipapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa kibanda cha shambani, akampa binti yake. "Mwambie mama yako awahi kunyeshea upande wa reli," alisema, na mlango ukafungwa.

Anitha alisimama nje na ule ufunguo. Kila alichotetea jukwaani kilikuwa nyuma ya mlango ule kikisubiri gari. Alisikia kitambaa kikikung'utwa. Akageuka.

Silvano alikuwa ameteremsha shuka lake begani. Alilitazama, akamtazama Anitha, akasema kwa mdomo mkavu, "Wakinipiga, samaki wangu wauze usiwape bure Wagogo." Kisha akalala chini, mwili wake wote mnene, kukingama kizingiti cha ofisi, akajifunika mpaka usoni.

"Haondoki mtu hapa!" sauti ilitoka chini ya shuka, ile ile ya ng'ombe dume. "Mna maiti yangu humo ndani! Mtani wangu mmemuua, mnataka kumzika Msumbiji bila mimi? Hazikwi! Leteni jogoo! Leteni Adamu!"

Watu wa kwenye foleni walicheka. Wagogo waliokuwepo walijua mara moja ni nini, na baadhi walipiga vigelegele kama msibani. Kisha askari akatoka pembeni ya jengo na kirungu, na kicheko kikafa. Wakaanza kuangalia chini, simu, viatu, ndege juu ya mwarobaini. Wewe unaijua sura hiyo.

"Mzee, ondoka."

"Maiti haiondoki!" Shuka lilikuwa linatetemeka lote. Kila mtu aliliona likitetemeka.

Askari aliinua kirungu, akasita. Kijana mmoja alikuwa ametokea kati ya watu, akihema, kitambulisho cha chuo shingoni. Ni Respicius. Hakuna aliyejua nani alimwambia. Alimtazama Anitha.

"Nilikuomba jina," alisema. "Ulikuwa nalo, nami nikakuchokonoa mpaka mwingine akalitoa. Dada, mimi bado sikubaliani na ile mada."

"Hata mimi sikubaliani nayo tena," alisema Anitha.

"Ila ule mlango uliosema tuliwafungulia wageni, niliukubali." Akavua mkoba, akalala chini kando ya Mhehe, shati lake jeupe kwenye vumbi. Mwili mmoja askari angeuvuta kwa mguu. Kwa miili miwili alihitaji kufikiri.

Anitha alifunga ufunguo wa baba yake kwenye pindo la kitenge, akalala upande wa pili wa Silvano. Hofu haikumtoka, ililala naye. Saruji ilikuwa ya baridi ubavuni, na kwa chini ya mlango, kwenye upenyo, aliona viatu vya baba yake, vya suti ya harusi, vimetulia sakafuni, vikielekea ukutani, halafu vikageukia mlangoni.

Mpaka sasa wapo pale. Gari la mchana limefika, limesimama nje ya geti, dereva anakula karanga, injini inawaka. Mlango una upana wa watu watatu waliolala, lakini kuna dirisha, kuna mlango wa nyuma, na kuna barabara ndefu ya kutokea geti lile, navyo havina mtu.

Wewe ulicheka. Bibi Tabu ulimjua, au unamjua aliyemjua, au unajua tu kwamba mtu aliyelelewa na ugali wa hapa ni wa hapa. Mzee Elisha, weka kikombe chini. Mwajabu, funua pazia. Nanyi wa Kongwa mliokata simu, pandeni gari linalokuja Dodoma sasa hivi. Na wewe unayesoma, usinijibu kwamba nchi yetu ni njema, inuka ukaioneshe. Geti liko wazi, mwarobaini utauona ukiwa mbali. Chukua shuka lako. Nenda ukalale kwenye mlango wa nyuma kabla lile gari halijageuza.